Wanavuka mpaka kila wiki, matembezi hawayajui

NI watu wachache Afrika Mashariki wanaosafiri kumzidi mfanyabiashara wa mpakani. Anayepeleka vitunguu Namanga, anayefuata mitumba Kampala, anayepanda basi kutoka Bukoba kwenda Kariakoo na yule mwenye beseni la dagaa anayevuka Busia kwa miguu, wote hao wanaijua meza ya uhamiaji kuliko mtalii yeyote.

Lakini akiulizwa ni lini alisafiri kwa ajili ya kupumzika tu, bila mzigo, bila daftari la madeni na bila simu ya wakala kulia kila dakika kumi, jibu la wengi ni kicheko. Wapo waliolala Nairobi mara zisizohesabika bila kukaa kwenye bustani hata moja. Wapo wanaofika Dar es Salaam kila mwezi na bahari wameiona kupitia dirisha la basi. Wapo wanaopita daraja la Rusumo kati ya Tanzania na Rwanda mwaka mzima, na maporomoko ya Mto Kagera yaliyo pale pale darajani hawajayatazama dakika tano.

Sababu inayotajwa haraka ni fedha. Ni sababu ya kweli, kwa kuwa mtaji wa wengi ni mdogo na unazunguka kila siku. Hata hivyo, haielezi kila kitu. Kuna mwenye duka la jumla anayeweza kulipia familia yake wiki nzima Mombasa bila kutikisika, naye hajawahi kwenda. Na kuna muuza nyanya mwenye kibanda kimoja ambaye kila Krismasi huwapeleka watoto wake ziwani. Kinachowatofautisha hakiko mfukoni peke yake.

Mwaka 1987 watafiti wawili wa Marekani, Duane Crawford na Geoffrey Godbey, waliviweka vikwazo vya mapumziko katika mafungu matatu: vilivyo ndani ya mtu mwenyewe, vilivyo kati yake na watu wake, na vya nje kama fedha, muda na usafiri. Mwaka 1991, wakishirikiana na Edgar Jackson, waliongeza hoja ambayo mfanyabiashara wa mpakani ataielewa upesi: vikwazo hivyo vimepangwa kama foleni. Mtu hukutana kwanza na cha moyoni. Akikipita, hukutana na cha watu. Akikipita hicho nacho, ndipo anafika kwenye dirisha la nauli na ratiba. Aliyekwama kwenye dirisha la kwanza hafiki hata kuuliza bei.

Dirisha la kwanza: moyo wa mtu mwenyewe

Kwa aliyeajiriwa, mapumziko yana jina, tarehe na sahihi ya bosi. Huitwa likizo. Aliyejiajiri hana wa kumwandikia barua ya likizo, na kwa sababu hiyo wengi huona kwamba hawana haki nayo. Siku isiyo na mauzo huhesabiwa kuwa siku ya hasara, hata kama mwili umechoka hadi mtu anasinzia juu ya mizani.

Hesabu hiyo ina ukweli ndani yake. Anayeuza ndizi au samaki anajua bidhaa haisubiri. Mwenye mkopo wa marejesho ya kila wiki, ile mikopo ambayo mitaani huitwa kausha damu, anajua siku ya rejesho haisogezwi kwa sababu mkopaji alikuwa ufukweni. Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande ambao haujazwi kwenye daftari: gharama ya kutopumzika.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja kuhusu saa za kazi na afya. Yalionyesha kuwa mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba iliyo juu kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Kwa mwaka 2016 pekee, vifo vilivyohusishwa na saa hizo ndefu vilikadiriwa kufikia 745,000 duniani.

Saa 55 kwa wiki ni takribani saa nane kwa siku bila kupumzika hata Jumapili. Mfanyabiashara anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi lori, akafungua kibanda saa moja na kukifunga saa mbili usiku, huzipita saa hizo kabla ya wiki kwisha. Hapo hazijahesabiwa saa za kukaa kwenye basi.

Zaidi ya hofu ya hasara, kuna hisia kwamba matembezi ni ya watu wengine. Utalii katika ukanda huu ulikua ukimtazama mgeni kutoka mbali. Hifadhi ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1946 na ya Serengeti mwaka 1951, nyakati za ukoloni, na wenyeji hawakuwa wageni waliotarajiwa getini. Mabango ya miaka mingi yalijaa sura za Wazungu wenye kofia pana. Hata neno safari, ambalo kwa Mswahili ni mwendo wowote, uwe wa msiba, wa harusi au wa kufuata mali, huko ng'ambo limekuja kumaanisha kuangalia wanyama. Mwenye neno ameachwa na safari za mzigo.

Matokeo yake ni aibu ndogo ndogo ambazo watu hawazisemi. Mtu anajua kubishana bei na muuzaji wa jumla wa Kikuubo, lakini anaogopa kuingia hotelini asije akaonekana mshamba. Hajui avae nini. Hajui kama atatakiwa kuogelea. Hajui kama getini ataulizwa swali kwa Kiingereza. Basi anajiambia kwamba mambo hayo hayampendezi, na maneno hayo yakirudiwa miaka kumi yanageuka kuwa kweli.

Haki ya kupumzika si zawadi ya matajiri. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linaitaja katika kifungu cha 24. Waswahili nao walikwishasema kuwa mchumia juani hulia kivulini. Wafanyabiashara wengi wanalitumia jua lote na kivuli wanakiacha kwa ajili ya uzee, kana kwamba mtu ana hakika ya kuufikia.

Dirisha la pili: watu watasemaje?

Aliyeushinda moyo wake hukutana na jamii. Hapa vikwazo si sawa kwa wote, na mwanamke ndiye mwenye foleni ndefu zaidi.

Sehemu kubwa ya biashara ndogo za mpakani iko mikononi mwa wanawake. Mama huyo akitoka sokoni, kazi ya pili inamsubiri nyumbani. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018 ilikadiria kuwa wanawake hufanya zaidi ya robo tatu ya saa zote za kazi za uangalizi zisizolipwa duniani, yaani zaidi ya mara tatu ya zile wanazofanya wanaume. Kupika, kufua, kumtunza mtoto na kumuuguza mgonjwa havina siku ya soko wala siku ya kufunga. Muda wake wa kupumzika haupotei mara moja. Unakatwa kipande kipande.

Akisafiri kufuata mali, jamii inaelewa. Kuna watoto wanaohitaji ada na kuna mume anayejua faida itarudi. Lakini mama huyo huyo akisema anakwenda Jinja na wenzake kuangalia mahali Mto Nile unapoanzia, maswali huanza. Anakwenda na nani? Atalala wapi? Kwa nini asiende na mumewe? Safari ya mzigo humpa mwanamke ruhusa ambayo safari ya furaha haimpi. Katika familia nyingine, desturi na dini hazimruhusu kulala mbali bila ndugu wa karibu. Wapo pia wanaojizuia wenyewe kwa sababu wanaujua usumbufu unaompata mwanamke aliye peke yake kwenye gesti na vituo vya mabasi usiku.

Mwanaume ana kikwazo chake. Anayevuka mpaka kila wiki tayari anashukiwa kuwa na nyumba ndogo upande wa pili, na siku mbili za ziada bila mzigo huongeza moto kwenye shaka hiyo. Aidha, kwa wanaume wengi mapumziko yamebanwa kuwa kitu kimoja tu, yaani baa na mpira kwenye luninga. Anayeamua kuwapeleka mke na watoto kutembea Jumapili huweza kuchekwa na wenzake kwamba ametawaliwa. Ni kichekesho kinachogharimu, kwa sababu fedha inayoishia mezani kwa mwezi ingetosha nauli ya familia nzima kwenda na kurudi mji wa jirani.

Halafu kuna wadai. Katika kikoba au chama, kila mmoja anajua nani ana deni la nani. Mwanachama ambaye hajamaliza rejesho akionekana kwenye picha akiwa mchangani na dafu mkononi, wenzake huuliza kama fedha yao ndiyo iliyokwenda kula bata. Wengi huamua kutokwenda. Wengine huenda kwa siri na kurudi wakisema walikuwa kwenye msiba. Msiba hauulizwi maswali.

Kikwazo kingine hakizungumzwi sana kwa kuwa kinavaa sura ya upendo. Ni zawadi. Anayesafiri hutarajiwa kurudi na kitu kwa mama, kwa shangazi, kwa majirani, kwa watoto wa majirani. Swali la kwanza mlangoni huwa ametuletea nini. Kwa anayefuata mali, zawadi hutoka ndani ya mzigo. Kwa aliyekwenda kutembea, zawadi ni gharama ya ziada inayoweza kuzidi nauli. Mtu mwenye watu wengi hujikuta anaweza kumudu safari, lakini hawezi kumudu kurudi.

Mwisho, hata aliye tayari hukosa mwenza. Marafiki zake ni wafanyabiashara kama yeye, na kila mmoja ana siku yake ya soko. Huyu akiwa na nafasi, yule ana mzigo bandarini.

Dirisha la tatu: karatasi, fedha na siku

Anayefika dirisha hili amekwishafanya kazi kubwa. Hapa mambo yanahesabika, na mengine ni mepesi kuliko watu wanavyodhani.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010. Kanuni zake za uhuru wa watu kutembea zinasema raia wa nchi mwanachama anayeingia nchi nyingine kwa matembezi hupewa kibali cha kukaa hadi miezi sita bila malipo. Kenya, Uganda na Rwanda ziliruhusu raia wao kuvuka kwa vitambulisho vya taifa tangu mwaka 2014. Kwingineko mtu huhitaji pasipoti au hati nyingine ya kusafiria inayotambuliwa, na katika mipaka mingi kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano.

Mfanyabiashara anazo karatasi hizo tayari. Anachokosa ni mazoea ya kuzitumia kwa jambo jingine. Afisa aliyezoea kumwona na magunia anaweza kushangaa kumwona na mkoba mmoja, naye mwenyewe, akiulizwa sababu ya safari, hujibu biashara kwa mazoea hata pale ambapo hana biashara. Ni kosa dogo lenye uzito, kwa kuwa kibali cha matembezi na kibali cha biashara si kitu kimoja. Anayekwenda kutembea aseme anakwenda kutembea.

Kwa mzigo wake, jumuiya imejenga njia rahisi. Bidhaa zenye asili ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani hupita kwa cheti kilichorahisishwa cha uasili wa bidhaa, na Vituo vya Huduma kwa Pamoja Mpakani, kama vile Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo, vimepunguza kusimama mara mbili. Mtalii wa kutoka mbali naye ana viza ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda, iliyoanza mwaka 2014 kwa dola 100 na siku 90. Mwananchi wa ndani ya jumuiya, ambaye viza hiyo haihitaji kabisa, ndiye aliyeitwa mwisho. Kampeni ya Tembea Nyumbani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyolenga kuwahamasisha wananchi kutembelea nchi za jirani, ilizinduliwa Desemba 2021, baada ya janga la korona kuonyesha kuwa hoteli zilizotegemea wageni wa ndege hubaki tupu ndege zisiporuka.

Kuhusu viingilio, hifadhi nyingi za taifa katika ukanda huu humtoza raia wa Afrika Mashariki kiwango cha chini mno kuliko cha mgeni wa nje, na hulipwa kwa shilingi. Wengi hawajui, kwa hiyo husikia bei ya dola na kukata tamaa. Yapo mambo matatu ya kuangalia mapema. Kwanza, punguzo hutolewa kwa mwenye kitambulisho au pasipoti mkononi. Kusema tu kwamba ni jirani hakutoshi. Pili, mageti mengi hayapokei fedha taslimu siku hizi. Hutaka malipo ya simu, kadi au namba ya malipo ya serikali, na laini ya simu ya nchi moja huweza kukwama nchi nyingine. Tatu, gari lenye namba za nchi nyingine hutozwa kiwango tofauti katika baadhi ya hifadhi. Kundi linalokodi gari la upande wa pili laweza kulipa pungufu.

Fedha iliyobaki ni nauli, malazi na chakula, na hapo mfanyabiashara ana utaalamu kuliko wakala yeyote wa utalii. Anajua basi lipi ni salama, gesti ipi ina maji na mama lishe yupi hapunji. Kinachobaki kigumu ni siku zenyewe. Kibanda kikifungwa, mteja huhamia kwa jirani, na si wote wanaorudi.

Wanaopenya hupenya vipi

Katika andiko la mwaka 1993, Jackson, Crawford na Godbey walirekebisha picha yao. Waliona kuwa watu wengi hawasimami mbele ya kikwazo na kurudi nyumbani. Hujadiliana nacho. Hubadili saa, hubadili mahali, hubadili wenza, hupunguza matumizi mengine. Wanaotembea si lazima wawe watu wasio na vikwazo. Wengi wao ni watu waliojua kupatana navyo bei.

Kupatana bei ni kazi ya mfanyabiashara. Na njia zinazotumika mipakani si ngeni.

Ya kwanza ni nusu siku. Anayefika Kariakoo Jumanne na basi lake ni Alhamisi usiku, mara nyingi ana alasiri moja ambayo mzigo unafungwa na hana la kufanya zaidi ya kulala gesti. Pantoni ya Kigamboni humvusha mtu wa miguu kwa shilingi 200 za Tanzania, na ufukwe wa Coco, pamoja na mihogo yake ya kukaanga, hauna kiingilio. Mwenye nusu siku Kigali anaweza kwenda Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Gisozi, isiyotoza kiingilio. Mwenye alasiri Kampala anaweza kufika Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, ambayo ni Urithi wa Dunia tangu 2001 na yaliyojengwa upya baada ya moto wa mwaka 2010.

Ya pili ni kupokezana vibanda. Majirani wawili sokoni wanaoaminiana wanakubaliana kwamba huyu akisafiri, yule humuuzia, na mwezi unaofuata zamu inageuka. Makubaliano yakiandikwa, pamoja na idadi ya bidhaa na bei ya mwisho, ugomvi hupungua.

Ya tatu ni kundi. Kikoba kinachotenga sanduku dogo la safari, tofauti na la mikopo, huondoa vikwazo vitatu kwa mkupuo mmoja. Fedha inajulikana imetoka wapi, kwa hiyo hakuna wa kushuku deni. Mwanamke hasafiri peke yake. Na mwenza haendi kutafutwa, maana wote wamechangia tarehe moja. Kundi likiweka pia kanuni kwamba hakuna zawadi, au zawadi ni moja kwa kila nyumba, hata dirisha la shangazi linapitika.

Ya nne ni msimu. Kila biashara ina mwezi wake mkavu. Muuza sare za shule hupumua baada ya mihula kuanza. Muuza nafaka anajua wakati ambao ghala la mkulima liko tupu na hakuna cha kununua. Siku hizo huwa chungu kwa sababu fedha haingii, lakini ndizo siku ambazo hasara ya kufunga ni ndogo zaidi. Anayeweka akiba wakati wa mavuno anaweza kuzitumia.

Ya tano ni kuanza karibu. Mtu aliyezoea kwenda mbali kutafuta mali hudhani matembezi nayo lazima yawe mbali. Mipaka ya ukanda huu imejaa mambo yaliyo umbali wa nauli moja ya daladala, matatu au bodaboda.

Kwa wa Namanga, upande wa Kenya kuna Amboseli yenye tembo chini ya Kilimanjaro, na upande wa Tanzania kuna Arusha, mji wa makao makuu ya jumuiya yenyewe na wenye Makumbusho ya Azimio la Arusha. Kwa wa Holili na Taveta kuna Ziwa Chala, lililomo ndani ya shimo la volkano, ambalo mpaka wa nchi mbili unapita katikati ya maji yake. Wa Horohoro na Lunga Lunga wana Mapango ya Amboni jirani na mji wa Tanga, na wakielekea kaskazini wana Diani na Ngome ya Yesu Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593.

Wa Busia na Malaba wana Jinja kwa upande mmoja na fukwe za Kisumu kwa upande mwingine. Wa Mutukula wana Bukoba na ziwa lake, na wakienda Kampala hupita Kayabwe, mahali mstari wa Ikweta unapokata barabara, ambapo mabasi hupita mbio na wageni wa mbali husimama kupiga picha. Wa Katuna wana Ziwa Bunyonyi na visiwa vyake karibu na Kabale. Wa Kabanga na Kobero wanaweza kufika Gitega, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Burundi, na kuona ngoma za kifalme ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wa Kigoma wana Ujiji, na kwa boti wana Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mtu mwaka 1960.

Si kila mpaka una utulivu wa kufanya hivyo leo. Kati ya Goma na Gisenyi, kwenye kivuko kidogo ambacho wanawake wenye mabeseni hukipita kwa maelfu, ufukwe wa Ziwa Kivu hauko mbali. Kwa mama wa Goma, ambaye miaka ya vita imemfundisha kuhesabu usalama kwanza, mapumziko ni jambo analolipima kila asubuhi upya. Mashauri ya akiba na kupokezana vibanda hayatoshi kumjibu. Lake ni jambo la amani.

Mtego wa faida

Wapo watakaosema kwamba matembezi humsaidia mfanyabiashara kuona masoko mapya. Ni kweli. Anayekaa siku mbili katika mji bila haraka huona watu wanavaa nini, wanakula nini na wanakosa nini, mambo ambayo hayaonekani kutoka kwenye ghala la jumla. Hujua pia kwamba jirani wa ng'ambo si afisa wa forodha, mshindani na dalali tu. Ni mtu anayekwenda kanisani au msikitini, anayeshangilia timu, anayebishana juu ya bei ya sukari kama yeye. Jumuiya inayojengwa na mikataba huhitaji watu wanaofahamiana nje ya kaunta.

Lakini hoja hiyo ina mtego. Mapumziko yakilazimika kujieleza kwa lugha ya faida, yanarudi kuwa kazi. Atakayesafiri akiwa na kalamu ya kuandika bei atarudi amechoka kama alivyoondoka, na dirisha la kwanza litakuwa bado limefungwa. Waswahili husema kazi na dawa, na dawa haiulizwi imeingiza shilingi ngapi.

Kipimo kikubwa kinakuja karibuni. Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja michuano ya CHAN, na mwaka 2027 nchi hizo tatu zitakuwa wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Kwa wengi mipakani, jibu la haraka ni kutafuta jezi, vuvuzela na bendera za kuuza. Hakuna ubaya, fedha itakuwepo. Kikundi cha sokoni kinachoanza sasa kutenga kiasi kidogo kila wiki kinaweza kufika siku hiyo na vitu viwili: mzigo wa kuuza nje ya uwanja, na tiketi ya mechi moja ya kukaa ndani na kushangilia pamoja na watoto, mpaka filimbi ya mwisho, simu ikiwa imezimwa.